Cheo cha Mjomba: Majina ya Udugu katika Kamusi za Kiswahili

Tangu Steere alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na Krapf kamusi yake mwaka 1882, majina ya udugu yamehesabiwa miongoni mwa maneno mepesi kufasiliwa. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama; shangazi ni ndugu wa kike wa baba; mpwa ni mtoto wa ndugu; maelezo yakaishia hapo. Madan alifuata njia hiyo mwaka 1903, na Johnson mwaka 1939, na hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, haikutoka katika njia hiyo mbali sana. Hapana uongo katika maelezo haya. Upungufu wake ni kwamba yamwonyesha msomaji mtu alipozaliwa, wala hayamwonyeshi anapoketi. Nani humwamkia nani. Nani husubiriwa kabla ya posa kujibiwa. Nani aweza kumkemea mtoto mbele ya baba yake asilaumiwe. Nani hufanyiwa mzaha na nani haelekei kufanyiwa: hayo ndiyo mambo ambayo jina la udugu huyabeba katika kinywa cha Mswahili, na hayo ndiyo yaliyoachwa nje ya kamusi.

Wale wa kwanza wana udhuru. Kamusi zao zilikuwa za kufasiri kwa Kiingereza, na Kiingereza katika jambo hili ni maskini. Neno lake moja latosha kumtaja baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi, wote pamoja. Mwandishi aliyetaka kupambanua hakuwa na la kufanya ila kuongeza maneno mawili matatu ya kutaja upande wa mama au wa baba. Sacleux, aliyefasiri kwa Kifaransa na kukusanya maneno ya lahaja nyingi, alikuwa na mkono mpana zaidi, lakini naye alifungwa na lugha ya wasomaji wake. Udhuru huo hauwezi kupewa kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili. Johnson alipotoa kamusi ya namna hiyo mwaka 1935, na Taasisi ilipotoa yake miaka 46 baadaye, msomaji aliyekusudiwa alikuwa ni mtu anayejua kuwa mjomba si baba mdogo. Alichohitaji kuelezwa ni kwa nini.

Na ajabu moja ni kwamba maelezo yenyewe huteleza papo hapo. Shangazi huelezwa kuwa ni dada wa baba. Lakini dada, katika nyumba nyingi za Pwani, ni ndugu wa kike aliyetangulia kuzaliwa. Aliyefuata huitwa mdogo, au kwa jina lake. Akishikwa kwa neno lake, mfasili huyo atakuwa amewaondolea ushangazi wote waliozaliwa nyuma ya baba. Bila shaka hakukusudia hivyo. Alilichukua neno lenye umri ndani yake akalitumia kama kwamba halina umri, na huo ndio mfano mdogo wa kosa lililo kubwa.

Lifikiriwe neno mjomba, maana ndilo lenye mengi. Nyuma ya mrima wa Tanzania wako watu ambao asili yao ni kuhesabu ukoo kwa upande wa mama: Wazaramo, Waluguru, Wakaguru, Wanguu na wengineo. Kwa hesabu hiyo mtoto si wa ukoo wa baba yake. Ni wa ukoo wa mama, na mwanamume mwenye sauti katika ukoo huo ni ndugu wa mama. Mjomba basi ni mtu wa amri. Baba ampenda mtoto na kumlisha, lakini mambo ya urithi, ya cheo na ya ardhi ya ukoo yaelekea kwa mjomba, na mpwa ndiye anayemfuata. Hapo neno mpwa nalo lasimama mahali pake pa zamani. Neno hilo, ambalo ndugu zake wa Kibantu hupatikana kwa sura ya mwihwa katika lugha kadhaa za bara, ni mtoto wa umbu la mwanamume, yaani mtoto wa ndugu yake wa kike. Mtoto wa ndugu yake wa kiume hakuwa mpwa, alikuwa mwanawe. Kuliweka neno hili kwa watoto wa ndugu wote, kama yafanywavyo leo, ni kumnyang'anya mjomba yule aliyemfanya kuwa mjomba.

Pwani yenyewe ikaja sheria ya Kiislamu, nayo yahesabu kwa njia nyingine. Katika mirathi, amu, yaani ndugu wa baba, yumo katika asaba, na akikosekana aliye karibu zaidi huweza kurithi. Mjomba hayumo katika asaba wala hayumo katika wenye mafungu yaliyotajwa. Kwa hiyo neno la Kibantu na neno la Kiarabu yalikutana katika lugha moja, kila moja na haki zake: amu akashika mali, mjomba akabakiwa na heshima. Heshima hiyo haikuwa tupu. Mjomba huendelea kuitwa katika posa, hutazamiwa katika shida ya mpwa wake, na neno lake huogopwa. Lakini msomaji wa kamusi haoni kwamba hapa pana historia ya watu wawili waliogawana kazi iliyokuwa ya mmoja. Aona mistari miwili, mmoja wa upande wa mama na mmoja wa upande wa baba, iliyosawazishwa kama vitako viwili vya mizani.

Wadigo waliuona mgongano huo kwa macho yao. Walirithishana kwa upande wa mama, na wengi wao wakasilimu. Ikawa mali ya marehemu ina wadai wawili, mwana kwa sheria ya dini na mpwa kwa mila ya ukoo, na mabaraza ya zama za ukoloni yalishughulishwa nayo sana. Katika mabishano ya namna ile neno mjomba si la kutajia nasaba tu. Ni dai. Na tena Wamijikenda, ambao Wadigo ni mmoja wao, huwaita Waswahili kwa jina la Adzomba, yaani wajomba. Watu wazima hawawaiti jirani zao wajomba kwa bahati nasibu. Neno hilo lachukua habari ya kuoana, ya kufanya biashara, na ya kukimbiliana wakati wa njaa, na ni kamusi chache zilizotaja jambo hili zikaliunganisha na maana ya kwanza.

Shangazi apewe maneno machache, maana hali yake ni ile ile iliyogeuzwa upande. Yeye ni baba aliye mwanamke. Heshima anayopewa ni ya baba, na ndiyo sababu katika nyumba nyingi mtoto humwogopa shangazi kuliko anavyomwogopa mama mdogo, ambaye ni mama kweli kweli na huweza kubembelezwa. Mke wa mjomba naye alikuwa na jina lake, mkaza mjomba, kama vile mke wa mwana aitwavyo mkaza mwana. Maneno haya ya mkaza yamekuwa adimu katika maandishi ya sasa, na mahali pake pameingia shangazi au mama mkubwa kwa kubahatisha.

Hasara iliyo kubwa kupita zote imepatikana katika neno binamu. Asili yake ni Kiarabu, na kwa Kiarabu ni mtoto wa kiume wa amu. Yaani lilikuwa neno lenye mipaka kuliko yote, maana lilitaja jinsia, upande na kizazi kwa mara moja. Mwenzake wa kike alikuwa binti amu. Leo binamu ni mtoto wa amu, wa mjomba, wa shangazi na wa mama mdogo, awe mume au mke. Neno la zamani mkoi, lililowahusu watoto wa mjomba na wa shangazi, limesukumwa kando hata wasomi wengi hawalijui. Yaweza kusemwa kwamba lugha hujirahisishia, na kwamba kila lugha ina haki hiyo. Lakini hapa urahisi umenunuliwa kwa bei ghali.

Mtu asome katika riwaya sentensi kama hii: msichana aliozwa kwa binamu yake. Msomaji wa Unguja au wa Mombasa, aliyezoea kuona watoto wa ndugu wawili wa kiume wakioana ili damu na mali zisitoke nje, ataiona ndoa hiyo kuwa ya fahari, au ya kawaida tu. Msomaji Mluguru au Myao ataisoma kwa njia mbili. Kama binamu huyo ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, ndoa hiyo yakubalika, tena kwa wengine ndiyo iliyotakiwa. Kama ni mtoto wa mama mdogo, basi huyo ni ndugu yake wa tumbo la ukoo mmoja, na ndoa hiyo ni haramu ya kutisha. Msomaji wa tatu, kutoka kwa watu wakatazao ndoa yoyote ya jamaa wa karibu, atafunga kitabu kwa hasira. Sentensi moja ya Kiswahili sanifu, isiyo na neno gumu hata moja, imekuwa habari tatu zisizopatana. Mkoi lingeizuia aibu hiyo. Na zaidi ya hayo, mtoto wa mjomba kwa wengi wa watu hawa ni mtani. Hufanyiana mzaha ambao baina ya watoto wa ndugu wawili wa kiume ungekuwa matusi. Neno linaloweka mtani na ndugu katika kapu moja haliwezi kumsaidia mwandishi wa tamthiliya aandikaye maneno ya watu wawili wanaokutana mlangoni.

Umbu ni neno jingine la kusikitikiwa. Katika lahaja za kaskazini na katika tenzi za kale lilikuwa na kazi ambayo hakuna neno lingine liliweza kuifanya: ndugu wa jinsia nyingine. Mwanamume ana umbu lake, naye ni mwanamke. Mwanamke ana umbu lake, naye ni mwanamume. Lugha za bara zalijua neno hilo kwa sura ya lumbu au ilumbu, kwa maana ile ile. Kaka na dada yameingia mahali pake, na hayo yapima umri na jinsia ya anayetajwa, wala hayamwulizi anayetaja ni nani. Mpango wote wa mjomba, mpwa, shangazi na mkoi umejengwa juu ya umbu. Ukiliondoa, nguzo imeondoka, na paa lakaa hewani.

Yafaa sasa kutazama kitabu ambacho ndani yake majina haya hufanya kazi. Habari za Wakilindi, ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ilianza kupigwa chapa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19, na J. W. T. Allen akaitoa upya mwaka 1962. Wasomaji wengi wameisoma kama tarehe ya wafalme wa Usambaa, nao hawakukosea. Lakini kinachoisukuma hadithi yenyewe ni cheo cha watu ndani ya nyumba. Mbegha aondoka Nguu kwa kuwa ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na jamaa zake wakamnyima haki katika mirathi. Hakufukuzwa na adui. Alifukuzwa na hesabu ya ukoo. Na mwisho wa kitabu ni wa namna hiyo hiyo. Kimweri, aliyewaweka watoto wake kutawala miji ya nchi, alipokufa, kiti cha Vugha kilimwendea mjukuu wake Shekulwavu, kwa sababu baba yake, aliyekuwa mkubwa, alikuwa amekwisha kufa. Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, akampiga vita.

Wanahistoria, na Feierman mbele yao katika kitabu chake cha mwaka 1974, wameonyesha kazi ya bunduki na biashara ya bondeni katika vita hivyo, na ni kweli. Hata hivyo liko jambo ambalo Mswahili msomaji hulihisi kabla hajafika kwenye bunduki. Semboja ni baba mdogo wa Shekulwavu. Katika ufalme, Semboja ni raia na mwenziwe ni mfalme. Katika nyumba, Shekulwavu ni mtoto na mwenziwe ni baba. Nani basi atamwinamia nani? Neno baba mdogo ndilo linalobeba fitina yote hiyo: ni baba, kwa hiyo ana amri, ni mdogo, kwa hiyo alipitwa. Abdallah bin Hemedi, ambaye alipata kukaa na Semboja, hakuhitaji kuwaeleza wasomaji wake hayo. Msomaji wa leo, aliye na kamusi mkononi, ataambiwa kuwa baba mdogo ni ndugu mdogo wa baba, naye atashangaa kwa nini nchi nzima ilitekea.

Tatizo hilo halikuisha na Wakilindi. Katika nyumba yenye wake wengi hutokea kila mara baba mdogo kuwa na miaka 20 na mtoto wa nduguye 40. Cheo cha kizazi chasema mwenye miaka 40 atoe shikamoo. Cheo cha umri chakataa. Nyumba nyingine hushika kizazi. Nyingine wawili hao huonana kwa hujambo, wakacheka, wakapitana. Kamusi haiwezi kuamua jambo hilo, lakini yaweza kulitaja.

Kuna ushahidi mwingine wa daraja katika lugha ambao ni wazi kiasi cha kutoonekana. Kushuka, Kiswahili kina majina mengi: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, kining'ina. Kupanda, kina baba na babu, na baada ya hapo ni kuunganisha tu. Tena tangu kitukuu majina yachukua ki-, kiambishi cha vitu na cha udogo. Wa chini huhesabiwa, kwa sababu babu ni tajiri wa watu na hesabu yao ni sifa yake. Wa juu hawahesabiwi. Wote ni wazee, wote ni wahenga. Na katikati ya ngazi hiyo kali pana mlango wa nyuma: babu na mjukuu ni watani, babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na daraja ambayo baina ya baba na mwana haivunjiki huchezewa hapo bila hatia. Kamusi yoyote iliyoandika chini ya babu kwamba ni mzazi wa mzazi, ikanyamaza, imeacha nusu ya neno.

Yaweza kuulizwa kama haya yote si mazungumzo ya wasomi tu. Jibu lapatikana mahakamani. Mwaka 1963 Tanganyika ilitangaza sheria za mila kwa maandishi, kwa ajili ya makabila yanayofuata upande wa baba, na kanuni za urithi zikapanga warithi kwa daraja tatu: mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, kisha mabinti. Mwanamke aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake, asiweze kuiuza. Katika nchi ya Wahaya mwanamke mmoja, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Aliyemshtaki alikuwa ni jamaa yake wa ukoo, na Mahakama Kuu huko Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990, iliamua kwamba katazo hilo halipatani na Katiba na kwamba mwanamke yule alikuwa na haki ya kuuza kama mwanamume.

Hukumu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na mdai hutajwa humo kwa neno ambalo ni la mpwa na la mtoto wa kaka kwa pamoja. Kwa msomaji wa sheria haidhuru. Kwa msomaji wa Kiswahili yadhuru sana. Kama mdai ni wa ukoo ule ule wa baba, na ndilo dai lake, basi hawezi kuwa mtoto wa ndugu wa kike wa mwanamke yule. Yu upande wa kaka, na yule anayemburuta barazani yu katika daraja ya shangazi yake, baba yake wa kike. Mila ile ile aliyoishika kudai shamba ndiyo iliyompa mwanamke huyo heshima ya baba. Mtu aitafsiri hukumu hiyo kwa Kiswahili, na aandike mpwa, kama kamusi za sasa zimruhusuvyo: mshangao wote wa shauri hilo umekwisha.

Kwa hiyo haitoshi kurekebisha neno moja moja katika chapa zijazo. Chini ya kila jina la udugu yahitajiwa kuandikwa nani alitumia kwa nani, mume au mke, mkubwa au mdogo. Kama jina hurudishwa, kama yafanyavyo mkwe na wifi, ambayo kila mmoja humwita mwenziwe, au halirudishwi, kama mjomba na mpwa. Heshima iliyo ndani yake, au utani. Na mahali ambapo matumizi hutofautiana, patajwe kwa jina, Lamu au Mafia au Uluguru, pasifichwe chini ya neno sanifu. Middleton alipoandika habari za ardhi ya Unguja mwaka 1961, na Caplan habari za Mafia mwaka 1975, walionyesha kwamba hata neno ukoo lenyewe halifuati upande mmoja huko: mtu aweza kuwa wa koo kadhaa, kwa baba na kwa mama, akachagua palipo na shamba. Kamusi iliyoandika ukoo kuwa ni watu wa babu mmoja haijamfikia mkulima huyo wa Mafia.

Mkoi na umbu zaweza kurudishwa bila taabu, maana hazijafa. Zimenyamaza tu, na wazee wa Pwani bado wanazo. Mkaza mjomba itakuwa vigumu zaidi, kwa kuwa ni ndefu na vijana wameshazoea shangazi. Lakini hata hiyo yafaa iandikwe kwa urefu, pamoja na swali la nani humwita hivyo mbele ya watu na nani humwita hivyo anapotoka tu.